Gemu nzima ndani ya KB 48: ZX Spectrum, kanda za kaseti na njia iliyofika mpaka GTA

Swali la msomaji, kijana anayejifunza kutengeneza gemu: "Kaka, nimesoma mahali kwamba waliotengeneza GTA walianzia kwenye kikompyuta cha Uingereza kinaitwa ZX Spectrum, memori yake KB 48 tu na gemu zinawekwa kwa kaseti ya redio. Picha moja tu ya WhatsApp inazidi hapo. Gemu nzima inaingiaje humo? Na kitu cha bei rahisi hivyo kilizaaje makampuni makubwa?"

Mdogo wangu, asante kwa swali. Hili nalipenda kupita kiasi kwa hiyo jibu litakuwa refu, tafuta chai kabisa.

Nianze na GTA maana ndo iliyokuleta. GTA yenyewe haikuwahi kuwepo kwenye Spectrum, ilitoka 1997 kwenye PC kisha PlayStation, na wakati huo Spectrum ilikuwa imeshaacha kutengenezwa miaka mitano nyuma. Ila ulichosoma sio uongo, uhusiano upo tena wa karibu sana, unapitia kwenye kiwanda kimoja cha saa huko Scotland. Nitafika, kwanza uijue mashine yenyewe, bila hivyo hutaelewa kwa nini mambo yalienda yalivyoenda.

Clive Sinclair alikuwa mtu wa Cambridge, kazi yake maisha yote ilikuwa kuchukua kitu cha bei kubwa na kukitoa kidogo na kwa bei ya chini, alianza na redio na vikokotoo, 1980 akatoa kompyuta ZX80, 1981 akatoa ZX81 kwa pauni 69.95 ikiwa na memori ya KB 1. Moja! Tarehe 23 Aprili 1982 ndo akatangaza Spectrum, yenye KB 16 pauni 125 na yenye KB 48 pauni 175. Sasa linganisha na BBC Micro Model B, ile iliyoingia mashuleni kwao, ilikuwa pauni 399. Yaani mzazi mfanyakazi wa kawaida BBC aliiona dukani akapita, Spectrum alijibana miezi michache akamnunulia mtoto Krismasi.

Bei ilishukaje? Kwa kuondoa kila kitu kinachoweza kuondoka. Skrini hamna, unatumia TV ya sebuleni. Diski hamna, unatumia redio kaseti yako mwenyewe. Kibodi ni kipande kimoja cha mpira chenye vitufe 40, ukibonyeza unahisi kama unabonyeza kifutio. Tundu la jostiki hamna. Chipu ya muziki hamna, wala chipu ya kusogeza picha kwenye skrini kama waliyokuwa nayo wenzao wa Commodore 64, kompyuta nyingine ya wakati ule. Kuna prosesa moja, Z80A ya megahezi 3.5, na chipu moja iliyotengenezwa na Ferranti inayoshika picha, sauti, kibodi na kaseti zote kwa mpigo. Mengine yote prosesa itajua yenyewe, au tuseme mwandishi wa gemu atajua mwenyewe.

Mi yangu nilinunua mtumba Leicester nikiwa nasoma huko, kibodi ilikuwa na safu nzima haifanyi kazi kwa sababu ule utando wa plastiki wa ndani ukizeeka unakatika kama jani kavu, nikabadilisha. Bado ninayo na bado inawaka, na nikikueleza habari ya kaseti nakueleza kitu nilichokifanya kwa mikono yangu juzi tu.

Unabonyeza herufi J, na kwenye skrini haitokei J, linatokea neno zima LOAD, maana kila kitufe kina maneno yake ya BASIC, lugha ya programu ya mashine hiyo. Unaongeza alama mbili za nukuu, ENTER, halafu unabonyeza play kwenye redio. Kinachotoka kwanza ni mlio mmoja mrefu, piiiiii, na ukingo wa skrini unajaa mistari minene ya nyekundu na samawati inatambaa. Huo mlio ni mashine inatafuta mwendo wa kanda. Ikishaushika, sauti inageuka kuwa makelele kama mafuta ya moto yaliyomwagiwa maji na mistari inakuwa myembamba, bluu na njano, na hapo sasa ndo data inaingia. Sifuri ni mtikisiko mfupi, moja ni mtikisiko mrefu mara mbili yake, basi, hakuna ufundi mwingine, ni sauti tupu. Kwa wastani zinaingia kama biti 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo piga hesabu, KB moja ni baiti 1,024 na baiti moja ni biti 8, kwa hiyo KB 48 ni biti 393,216, gawanya, unapata dakika 4 na ushee. Dakika nne mtoto amekaa sakafuni anaangalia mistari, na kanda ikiteleza kidogo tu dakika ya nne inakuja sentensi ambayo kila aliyekulia Uingereza miaka ile anaikumbuka, R Tape loading error, 0:1. Unarudisha kanda mwanzo.

Waliokulia na kanda za taarab na za dansi hapa kwetu hili watalielewa haraka kuliko vijana wa siku hizi. Hedi ya redio, yaani kile kichwa kinachosoma kanda, ikiwa imepinda kidogo sauti ya juu inafifia, kwa mziki utavumilia ila Spectrum haivumilii, kwa hiyo unachukua bisibisi ndogo unaiingiza kwenye kile kitundu juu ya hedi na unazungusha robo kwa robo huku unasikiliza mpaka makelele yawe makali ya kukata masikio. Nimefanya hivyo kwenye redio ya marehemu baba na gemu ya 1983 ikaingia kama imerekodiwa jana. Na kwa kuwa ni sauti tupu, ilirushwa hata redioni: Yugoslavia kulikuwa na kipindi cha Ventilator 202 cha Radio Beograd, mtangazaji anakwambia weka kanda bonyeza rekodi, halafu wanarusha programu hewani, unarekodi, unaingiza kwenye kompyuta yako, inafanya kazi. Miaka ya 80 hiyo, watu wanadownload kutoka redioni.

Haya, sasa kwenye hasa ulichouliza, inaingiaje.

KB 48 ni baiti 49,152. Kabla hujaandika chochote skrini imeshakula 6,912. Kwa nini namba hiyo? Skrini ni nukta 256 kwa 192, kila nukta ni biti moja tu, imewaka au imezima, hapo ni baiti 6,144. Rangi ndo balaa. Kama ungetaka kila nukta iwe na rangi yake kati ya 16 ungehitaji baiti 24,576, nusu ya memori yote imeenda kwenye picha tu. Kwa hiyo waliigawa skrini kwenye viboksi vya nukta 8 kwa 8, viko 32 kwa 24, jumla 768, na kila kiboksi kinapewa baiti moja ya rangi: rangi ya mbele, rangi ya nyuma, kung'aa na kumetameta. Rangi mbili kwa kiboksi, hakuna ya tatu. Matokeo yake mchezaji mweupe akipita mbele ya mti wa kijani, ama mti unageuka mweupe pale alipo au yeye anageuka kijani, mraba mraba hivi, na ukiona gemu ya Spectrum hata kwenye video ya sekunde mbili utaitambua kwa hilo. Hata picha ya kufungulia gemu utaliona, inaingia kwanza nyeusi na nyeupe, mistari inarukaruka theluthi kwa theluthi, halafu mwishoni kabisa rangi zinamwagika kutoka juu kwenda chini kwa sekunde chache. Hizo ndo zile baiti 768.

Sasa nakupa mfano mmoja wa mtu, Matthew Smith wa Wallasey, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool. Mwaka 1983 akiwa na miaka 17 akaandika Manic Miner, kijana mchimba madini anaruka kwenye mapango 20 anakusanya funguo kabla hewa haijaisha. Kila pango lilichukua baiti 1,024 kamili. Nusu yake, 512, ni ramani ya rangi ya eneo la kuchezea, viboksi 32 kwa 16, baiti moja kwa kila kiboksi, na rangi yenyewe ndo inayoiambia programu hiki ni ukuta, hiki ni sakafu, hiki kinaua. Mapango 20 ni baiti 20,480, inaingia vizuri.

Mwaka uliofuata akataka kutengeneza Jet Set Willy, jumba kubwa la vyumba kama 60 unavyotembea upendavyo. Piga hesabu kwa mtindo ule wa kwanza: 60 mara 1,024 ni 61,440. Imezidi mashine yote, hata hujaweka skrini wala programu. Akafanyaje? Akagundua kwamba kiboksi kwenye ramani kwa kawaida ni kimoja kati ya vitu vinne tu, hewa, sakafu, ukuta au kinachoua, na vitu vinne unavihesabu kwa biti mbili. Ngazi za mteremko na mikanda inayosogea akaziandika pembeni maana kwenye chumba huwa ni moja moja. Ramani ikashuka kutoka baiti 512 mpaka 128, na chumba kizima pamoja na jina lake na maadui zake kikaingia kwenye baiti 256. Vyumba 60 kwa baiti 15,360, pungufu ya yale mapango 20! Mi nikifundisha vijana huwa nasimama hapa kwa muda, nawaambia chukueni karatasi hesabuni wenyewe, sababu mtu akishaliona hili kwa kalamu yake haandiki programu tena kama zamani.

Na sauti pia. Spika ya Spectrum ni ya ndiyo na hapana, prosesa inaisukuma na kuiachia yenyewe, ikishughulika na muziki haichezeshi gemu. Manic Miner ina muziki unaocheza huku unacheza, kipande cha Grieg yule mtunzi wa Norway, kwa sababu Smith aliukatakata muziki vipande vidogo sana akavichomeka kati ya kila mchoro wa skrini. Unasikika kama unakwaruza, ila upo.

Kuna Elite pia, David Braben na Ian Bell waliiandika wakiwa wanafunzi Cambridge, ilitoka kwanza kwenye BBC Micro 1984, Spectrum ikafuata 1985. Humo kuna galaksi 8 zenye sayari 256 kila moja, jumla 2,048, na kila sayari ina jina, uchumi na serikali yake. Hazijahifadhiwa popote. Kuna namba tatu tu za mbegu, baiti sita, zinazungushwa na kujumlishwa kwa kanuni ileile na sayari inajitengeneza palepale unapoiuliza, na ukirudi kesho utaikuta vilevile. Gemu za leo zinazojitengenezea dunia zao zinatumia wazo hilohilo.

Na wale ndugu wawili Stamper, Tim na Chris, wa Ashby-de-la-Zouch, walijiita Ultimate Play the Game. Walianza na Jetpac 1983 iliyoingia hata kwenye mashine ya KB 16, na mwishoni mwa 1984 wakatoa Knight Lore, vyumba vilivyochorwa kwa mshazari vinaonekana vina kina, kitu ambacho watu walikiona dukani wakasimama. Tatizo la rangi walilimaliza kwa kulikubali, kila chumba rangi moja na nyeusi, basi hakuna kinachogongana. Tim Stamper alikuja kusema gemu ilikuwa imekamilika kitambo, waliificha kwa makusudi wauze kwanza gemu yao nyingine, Sabre Wulf, maana walijua wakiitoa hakuna atakayenunua gemu za mtindo wa zamani tena. Kwa maoni yangu hiyo ndo gemu kubwa kuliko zote za mashine hii, najua wengi watasema Manic Miner.

Sasa swali lako la pili, makampuni. Watu wengi wanajibu "kwa sababu ilikuwa rahisi" na wanaishia hapo. Urahisi ulikuwepo, lakini mi naona kubwa zaidi ni hili: ukiwasha Spectrum hukuti gemu, hukuti menyu, unakuta skrini nyeupe inasubiri uandike programu. Ndani ya boksi kuna kitabu cha BASIC kilichoandikwa na Steve Vickers, mtu yuleyule aliyeandika BASIC ya mashine yenyewe, na kinaeleza kwa utulivu sana. Mtoto anayetaka tu kucheza ilibidi apitie kwanza kwenye lugha ya programu, hata LOAD yenyewe ni amri ya BASIC. Sinclair kwa upande wake aliiona kama kompyuta ya kazi na kujifunza, gemu hazikuwa hamu yake, ila kwa muundo ule alitengeneza darasa kwenye mamilioni ya sebule, maana ziliuzwa zaidi ya milioni 5.

Na kuuza gemu hakukuhitaji kibali cha mtu. Ukienda kwenye mashine za kanda ngumu za kuchomeka unategemea kiwanda, hapa unarekodi kaseti, unachapa karatasi ya jalada, unaweka tangazo kwenye gazeti la kompyuta, hundi zinakuja kwa posta. Ndo maana vijana wa miaka 17 waliingia sokoni. Na ndo maana pia kudabu kulikuwa kwingi, ukiwa na deki ya kanda mbili umemaliza, kama tulivyodabu sisi. Jet Set Willy waliiwekea kadi ya rangi, gemu inakuuliza rangi za mraba fulani, wakijua mwaka 1984 kutoa fotokopi ya rangi ni gharama. Watoto wakainakili kwa mkono na penseli za rangi.

Hela ilikuja kwa kasi na wengine iliwazidi. Imagine Software ya Liverpool ilianza 1982, magari ya kifahari, matangazo ya gemu kubwa mno ambazo hazijatoka, na Julai 1984 ikafilisika huku kamera za BBC ziko ndani ya ofisi zikirekodi, walikuja kupiga filamu ya mafanikio wakapiga filamu ya anguko. Kutoka kwenye mabaki yake ikazaliwa kampuni ya gemu ya Psygnosis, lishike hilo jina. Ndugu Stamper wakageuka kuwa Rare, waliofanya Donkey Kong Country na GoldenEye 007, na Microsoft ikawanunua 2002 kwa dola milioni 375. Codemasters walianza kwa kuuza kanda za pauni 1.99, leo wako chini ya EA.

Sasa Dundee. Spectrum hazikutengenezwa na Sinclair mwenyewe, zilifungwa kwenye kiwanda cha Timex huko Dundee, kiwanda cha saa, na wafanyakazi wengi walikuwa wanawake waliozoea kazi ya vitu vidogo vidogo. Mji ulikuwa umechoka, viwanda vinafungwa, halafu ghafla kila mtaa una Spectrum kwa sababu zinatoka hapohapo, na watu wa Dundee wanasimulia mpaka leo kwamba nyingine zilitoka kwa mlango wa nyuma. Kijana David Jones alikuwa anafanya kazi Timex. Akapunguzwa kazini, kiinua mgongo chake akanunua kompyuta ya Amiga, akaanzisha DMA Design na wenzake aliokutana nao kwenye klabu ya kompyuta ya Kingsway palepale mjini, Mike Dailly, Russell Kay na Steve Hammond. Mwaka 1991 wakatoa Lemmings, na iliyochapishwa na nani? Psygnosis, wale wale wa Liverpool. Ile gemu ilianza siku Dailly alipotaka kuonyesha kwamba mtu anayetembea anaweza kuchorwa kwenye boksi la nukta 8 kwa 8. Halafu 1997, kampuni hiyohiyo, GTA.

Sinclair aliuza biashara ya kompyuta kwa Amstrad Aprili 1986 kwa pauni milioni 5, Amstrad wakaendelea na matoleo yao mpaka 1992. Urusi na Ulaya mashariki walikuwa wanajitengenezea nakala zao, Pentagon, Scorpion, Didaktik, na huko iliishi muda mrefu zaidi. Sinclair alifariki Septemba 2021. Kwetu Tanzania hatukuiona kwa sababu tangu 1974 kulikuwa na marufuku ya kuingiza kompyuta iliyodumu mpaka miaka ya 90, kwa hiyo wengi wetu tulianza moja kwa moja na gemu za TV za kuchomeka kanda za plastiki, zisizokuwa na mahali pa kuandika chochote.

Ukitaka kujaribu, weka emuleta ya Fuse kwenye laptop, yaani programu inayoigiza mashine ya zamani, ni ya bure, chagua Spectrum ya 48K. Andika 10, bonyeza F linatokea FOR, malizia n=0 TO 7, na hiyo TO usiiandike herufi kwa herufi, shika Symbol Shift (kwenye laptop ni Ctrl) bonyeza F. ENTER. Mstari wa 20, bonyeza B, BORDER n. Wa 30, bonyeza N, NEXT n. Wa 40, bonyeza G, GO TO 10. Halafu R, RUN, ENTER. Ukingo wa skrini utaanza kutembea rangi zote nane, mistari ileile ya kaseti, ila sasa umeitengeneza wewe. Kusimamisha, Caps Shift (kwenye laptop ni Shift) na Space kwa pamoja, itakuandikia L BREAK into program na namba ya mstari ulipoikatia.